Taa za Mchana

"Huyo hawezi kukaa peke yake hata siku mbili," walisema mafundi wa gereji kule Kitale nilipokuwa nageuza lori kuukuu kuwa nyumba. "Atarudi kutafuta watu, bana."

Hawakujua nilivyochoka na watu. Tangu nirudi kutoka ng'ambo na diploma yangu ya umakanika, mlangoni hapakukosa mgeni mwenye shida. Nikaunda kitanda, sinki na jiko kwa mikono yangu miwili, nikatundika mapazia meupe. Hakuna gari kama lile lililowahi kuonekana kwetu, na hilo sisemi kwa kujisifu.

Nikaliendesha polepole, sahani zisivunjike, hadi shamba la marehemu baba nje ya Kanduyi, ambako hakuishi mtu. Njia nzima niliwasha taa mchana, kama nilivyofunzwa ng'ambo. Watu kando ya barabara walivua kofia. Nilidhani wananiheshimu.

Nikaingia nyuma, nikalala. Niliamshwa na kilio.

"Uui! Mtoto wa kaka yangu! Ng'ambo imemmaliza!"

Alikuwa shangazi, aliyeishi boma la jirani. Ndipo nikakumbuka: kwetu, gari la mapazia linalotambaa na taa mchana hubeba maiti.

Nikasukuma mlango. Haukusogea. Ulikuwa huo mmoja tu, unafungukia nje, na majirani walikuwa wameurundikia kuni za matanga. Madirisha niliyafanya madogo makusudi, mtu asichungulie. Sasa hata bega langu halikupita. Joto likapanda, jasho likaniingia machoni.

"Alikuwa anajigamba sana," mzee mmoja alisema nje, "lakini kwa kazi ya chuma, huyo kijana hakuwa mchezo."

Nikatega sikio nisikie zaidi. Kisha hewa ikawa nzito, nikagonga kwa ngumi zote mbili.

Shangazi akakatiza kilio.

"Nani anagonga?"

"Ni mimi, shangazi! Toeni kuni!"

"Wewe nani?"

"Maiti yenu!"

Walitimua mbio. Shangazi peke yake alibaki, akiondoa kuni moja moja huku akinitukana.

"Watu wamechinja kuku," akasema mlango ulipofunguka. "Sukari imeingia kwa chai. Na ati hakuna aliyekufa?"

Basi likawa deni langu. Nilizunguka boma kwa boma nikirudisha kuku, unga na sukari, mpaka siku niliyomaliza kuwalipa wote. Wa mwisho alikuwa shangazi. Alipima sukari yake kwa kiganja.

"Sasa hudaiwi na mtu," akasema. "Lakini ukifa kweli, si utume neno kwanza."