Mgeni Anapoaga

Siku yenyewe, mwanangu, ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili, na ninaikumbuka kwa sababu miguu yangu ilikataa kupanda. Nyumba ya Mwalimu Deogratias iko juu ya mawe kule Mkuyuni, nami kila nilipofika kwenye jiwe nilikaa, nikajidai napumzika. Uongo mtupu. Niliogopa. Nilikuwa tayari na wajukuu, lakini niliogopa kama mtoto aliyetumwa dukani gizani.

Mwalimu alikuwa katekista wetu Nyakato tangu nilipokuwa kijana wa kiwanda cha pamba. Yeye ndiye aliyenifundisha dini hadi nikabatizwa, akanifundisha na kuwatembelea wagonjwa. Mara ya kwanza aliponichukua, nilibaki mlangoni nikisingizia kwamba viatu vyangu vina matope. Alitoka akanishika mkono. "Wewe Maduhu, matope yanafutika. Huyu mtu anaumwa, na anaumwa peke yake. Ingia." Niliingia, na nimeingia nyumba nyingi tangu hapo.

Sasa mgonjwa alikuwa yeye. Ini lilikuwa limekwisha, madaktari walishamrudisha nyumbani, na sote tulijua. Lakini nani aseme? Mtu aliyewapeleka mapadri kwa wagonjwa maisha yake yote, wapakwe mafuta matakatifu, kwake padri hakuitwa. Wanawe walisema akiyaona mafuta tu, atajua basi tena. Hata kumshukuru walikataza.

"Ukimshukuru ni kama unamzika," binti yake Koleta aliniambia pale uani. "Mzee Maduhu, tafadhali, usituletee uchuro. Mwambie atapona."

Nilikubali upesi, maana nilikuwa na hofu yangu nyingine. Sisi wenye umri tunajua jinsi maneno yanavyogeuka huku kwetu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikimuaga leo, akafa kesho, si watasema mdomo wangu ndio uliomchukua?

Basi nikaingia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa ya njano, na yalinitazama bila kupepesa.

"Utapona, Mwalimu. Pasaka tutakuwa wote kanisani."

Chumba kilikuwa na joto, kanga imefungwa dirishani, nami nikatamani kutoka. Kisha akanishika mkono.

"Maduhu, naogopa."

Mwanangu, nywele zilinisimama. Huyu ndiye aliyetuambia miaka yote tusiogope. Kama yeye anaogopa, mimi nitashika nini?

"Kila anayeingia hapa ananiambia nitapona," akasema. "Nawaaga, mnajifanya hamsikii. Mgeni akiaga, wenyeji si husimama? Au nyie Wasukuma siku hizi mmeacha kusindikiza wageni?"

Nusura nicheke, maana hata pale alikuwa ananitania, lakini machozi yalitangulia. Koleta alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, ananikanya kwa macho. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Asante, Mwalimu," nikasema. "Mke wangu alipofariki, ndugu waliondoka baada ya matanga. Wewe uliendelea kuja kila jioni, ukakaa kimya pembeni yangu. Sikuwahi kukwambia. Jioni zile nilikuwa nalitazama ziwa kwa nia mbaya. Wewe ndiye uliyenibakiza. Sasa nenda. Tunakusindikiza."

Koleta aliliweka bakuli chini. Nilingoja anifukuze. Alikuja akapiga magoti upande wa pili, akasema, "Baba, asante," akashindwa kuendelea. Baadaye akatoka uani kumpigia padri simu.

Sitakudanganya kwamba hofu iliisha. Mwalimu alitetemeka hata alipokuwa anapakwa mafuta, nasi tulitetemeka naye, ila hakuiachia mikono yetu. Alifariki siku ya pili yake. Na kweli, wapo waliosema ni mdomo wangu. Wapo mpaka leo, na wengine nasali nao benchi moja.

Basi sikia, mwanangu. Mficha maradhi kifo humfichua, nawe unayeficha shukrani utakuja kuisema kwenye kipaza sauti mbele ya jeneza, watu wote wakusikie isipokuwa yule mmoja. Kama yupo aliyekulea katika imani, au aliyekutoa shimoni bila kujua, nenda kwake wiki hii. Usiseme tu asante kwa yote, taja alichokutendea. Usingoje hofu iishe ndipo uende. Yangu haikuisha, nilikwenda nayo. Na mgonjwa akikwambia anaogopa, usimbishie wala usimhubirie. Mshike mkono.

Mungu akujalie watu wa kuwashukuru wangali wanasikia. Na siku yako itakapofika, mwanangu, uage, uitikiwe.