Mpigakura Niliyemtoa Ndani

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa nikisomea ustawi wa jamii, na kwa kiherehere sikuwa na mfano. Mafunzo ya nyanjani yalinirudisha kwetu, nyuma ya Ukunda, niwahimize watu kupiga kura. Machafuko yalikuwa yamepita miezi minne. Watu wa bara walichomewa nyumba wakakimbia, na nyumba zilizobaki zilikuwa na kufuli milangoni na majani yamefika madirishani.

Nilibisha hodi hata huko, ili mradi fomu zangu za mafunzo zijae. Kwenye nyumba moja ya bati, imefungwa kufuli kubwa kwa nje, sauti ya mwanamke ikanijibu kutoka ndani, polepole: "Karibu."

Nilidhani ni jini, nikasoma kila aya niliyoijua. Kumbe ni mtu. Jirani yake, bibi wa Kidigo, alikuja mbio na ufunguo mkononi. "We mtoto, punguza sauti!" Akanieleza kwamba mjane yule wa bara alikataa kuliacha shamba lake, basi yeye humfungia kwa nje kila alfajiri ili idhaniwe ameondoka. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya muhogo uliochacha. Yule mama alinong'ona hata alipocheka.

"Kadi ya kura ninayo," aliniambia. "Lakini wakijua nipo, watanitoa."

"Mama, kura ni siri," nikamjibu, kifua mbele. "Hapana atakayejua."

Bibi alinikazia macho. "Una hakika, mwanangu?"

"Wallahi."

Kiapo gani kile, jamani! Mimi mwenyewe sikuwa nimepiga kura hata mara moja. Darasani tulifundishwa haki za mpigakura; jinsi chumba cha kura kinavyoendeshwa, hata kidogo.

Siku ilipofika alivaa buibui la bibi, na nikabu juu yake, akapanga foleni ya wanawake mbele yangu pale shuleni. Waliomsalimu aliwaitikia kwa kichwa. Nikawa najisifu moyoni. Kisha karani akaipokea kadi yake na, kama ilivyo desturi ili mawakala wa vyama wasikie, akalisoma jina kwa sauti. Jina la bara, lote, mpaka la babu.

Nikasikia ndara zikisogea mchangani kwenye foleni ya wanaume, kisha sauti moja, tulivu kabisa: "Tulijua yumo."

Sikuthubutu kugeuka. Mpaka leo sijui kama aliyesema alikuwa akimhurumia au akimngojea, na hilo bado linanitisha. Mama alipiga kura yake, akachovya kidole winoni. Nje akaniuliza, "Ni nani yule?"

"Sijui, mama. Nisamehe."

"Uliniambia hapana atakayejua," akasema, na safari hii hakunong'ona.

Aliliacha shamba mchana ule ule, na mfuko mmoja. Bibi hakuitikia tena shikamoo yangu. Kwenye ripoti niliandika kwamba mteja mmoja alihimizwa, akapiga kura. Nilipewa alama nzuri, nami nikazipokea.