Waya Uliopita Dirishani Kwangu

Mume wetu, nasema wetu kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, alikuwa Maskati akifanya kazi ya udereva miaka ile ya tisini simu zilipoanza kuingia majumbani katika uchochoro wetu wa Mji Mkongwe. Mimi ndiye bi mkubwa. Nyumba yangu ilikuwa na mlango wa njumu na paa linalovuja. Mke mwenzangu alipangishiwa ghorofa upande wa pili wa uchochoro, karibu hata akikaanga vitunguu nilijua kama vimeungua. Na havikuwa vikiungua, hilo ndilo lililoniudhi.

Mafundi wa simu walikuja asubuhi, wawili, na ngazi na mzingo wa waya mweusi. Mmoja akapiga hodi.

"Shikamoo, bibi. Tunataka kupanda juu ya paa, tuvute laini ya bwana wa Maskati. Waambie wanawake wajistiri."

Laini ya bwana wa Maskati! Bwana huyo ni mmoja, na nyumba yake ya kwanza ni hii. Sikuuliza. Nani angeuliza? Nilijitanda kanga, nikawapisha, nikawapikia kahawa na kuwakatia halua niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Idi. Waliponiuliza wapigilie wapi kulabu ya kushikia waya, niliwaonesha mwenyewe, chini ya dirisha la ukumbini, tena nikawahimiza wakaze vizuri. Kisha nikaiondoa redio juu ya kimeza, nikatandika kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu, nikakaa kukitazama.

Nilipochungulia tena dirishani, waya ulikuwa umeshika kulabu yangu, umekatiza uchochoro, umeingia kwa mwenzangu. Fundi alikuwa huko akigongomea.

"We fundi! Nani kakwambia uipeleke huko hiyo laini?"

"Bwana mwenyewe ndo alivyoagiza, bibi. Hapo kwako tulitaka ukuta tu."

Ukuta tu. Halua yangu wameila, ukuta wangu wameutoboa, na simu ni ya mwingine.

Nayo ililia! Kila ikilia nilizima jiko ili nisikie vyema, kisha nikachukia kwamba nasikia. Kilikuja kicheko cha mwenzangu, halafu kimya cha mtu anayeambiwa jambo tamu. Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Uongo mtupu; mimi nilinenepa, maana nilikuwa nikila kwa hasira. Simu yenyewe sikuwa na haja nayo. Niliitaka sauti ya mume wangu. Tangu asafiri, kwangu zilifika salamu tu, kwa midomo ya watu wanaorudi likizo.

Alipokuwa hapa alikuwa mtu wa haki. Siku mbili kwangu, siku mbili kwa mwenzangu. Hata alipopatwa na homa kali, magharibi ilipoingia alibebwa juu ya kiti kuvushwa uchochoro, kwa kuwa zamu yangu imekwisha. Nikakumbuka kiti kile. Nikavaa buibui langu, nikavuka kwenda kwa mwenzangu, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Zamu haifi kwa kuwa mtu kasafiri," nilimwambia pale pale mlangoni. "Siku zangu, simu yangu. Hutaki, nnang'oa kulabu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na yangu nilikuwa nayo tayari. Yeye akasema, "Haya, bi mkubwa. Akipiga ntamwambia." Upole ule ulinichoma kuliko tusi.

Siku yangu ya kwanza nilioga, nikajifukiza udi, kana kwamba udi unapita kwenye waya. Nikakaa kwenye kochi lake, ambalo lilikuwa zuri kuliko langu. Simu ikalia. Akaniashiria nipokee mwenyewe, akaenda kusimama karibu na pazia.

"Hujambo?" ilisema sauti ya mume wetu.

Nikasema sijambo. Akauliza kama paa bado linavuja. Nikasema linavuja. Akauliza kama fundi wa chokaa amekuja, kama tangi limesafishwa. Nikajibu yote. Kisha nikangoja niambiwe kile kinachomfanya mwenzangu awe kimya.

"Haya," akasema, "mpe mwenzako."

Siku yangu! Nikampa, ningefanya nini? Alisikiliza kidogo, tabasamu likaanza kumjia. Halafu akanitazama, mimi na buibui langu na udi wangu.

"Leo siku ya bi mkubwa," akamwambia. "Kama mshamaliza, mmemaliza. Mimi nipigie kesho." Akakata simu. Kisha akanigeukia: "Kaa unywe chai."

Sikukaa. Ilinipasa kumshukuru, kwani haki yangu aliilinda yeye, si yule aliyenioa. Lakini nilipokuwa navuka uchochoro chini ya waya ule, wivu ulinipanda kuliko siku zote. Alimkatia bila hata kusita, kwa sababu alijua kesho atapigiwa tena. Mimi nisingethubutu kukata.