Nyufa Zilizoacha Kupimwa

Meneja mpya alinichukia tangu siku ya kwanza, na mimi sikukawia kumrudishia. Shirika la umma lililokuwa likichimba handaki letu lilikuwa limeuzwa, na yeye alitumwa na wenye mali wapya. Alitukusanya mbele ya ofisi ya mabati, upepo wa Ufipa ukimrushia tai begani, akatuambia enzi za kula mshahara kwa kuchora picha zimepita. Aliposema kuchora picha alikuwa ananitazama mimi.

Sikuwa nachora picha, nilikuwa napima mwamba. Handaki lile lilitoboa ukingo ambapo nchi yetu ya juu inakatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Lilikuwa la kuteremshia maji ya mto mpaka kwenye mitambo ya umeme iliyokuwa ijengwe chini, upande wa Ilemba. Mwamba wa pale ukiutazama kwa mbali ni kitu kimoja kigumu. Ukiingia ndani na taa ya kichwani unaona umepasuka kila upande. Nyufa tatu zikikutana juu ya dari zinakata jiwe lenye umbo la kabari, ncha iko juu ndani ya mwamba na kitako kimening'inia juu ya watu. Jiwe hilo laweza kukaa miaka mia, au likashuka mtu akiwa ameinama kufunga kamba za kiatu. Ili ujue ni lipi kati ya hayo, lazima upime kila ufa: umeelekea wapi, umelala kiasi gani, una udongo ndani au hauna, unatoa maji au ni mkavu.

Kazi hiyo niliifanya miaka minne na mwenzangu mmoja. Alinizidi umri wa kutosha nimwite kaka, naye aliniita dada. Alikuwa Mfipa kama mimi, mtoto wa wakulima wa ulezi, na parokia yetu ilikuwa moja. Hakwenda chuo, kutumia dira alifundishwa na wajiolojia walionitangulia. Yeye aliweka dira ukutani na kusoma, mimi niliandika. Humo ndani tulizungumza Kifipa tupu, Kiswahili tulikiacha mlangoni pamoja na watu wa ofisini. Akifika kwenye ufa wenye maji aliukandamiza kwanza kwa kiganja, ndipo akataja namba. Mara nyingine alisema nisiandike bado, akarudia mahali pengine hatua mbili mbele. Nilikuwa nachoka kumsubiri, lakini hakuwahi kunipa kipimo kibovu.

Tatizo lilikuwa hesabu. Kabari moja ilinichukua siku mbili kwa kikokotoo na karatasi, na wachimbaji hawakuruhusiwa kusonga mbele hadi nimalize. Meneja alisimama mlangoni kwangu kila asubuhi akiuliza kama nimeshamaliza kusali. Nilimjibu kwamba dari ikimwangukia yeye nitasali kwa haraka zaidi. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu.

Kisha kompyuta ikaja, moja, na jenereta yake. Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya miezi mitatu ya kuandika programu, kozi ambayo wenzangu waliicheka. Sasa nikaona zamu yangu imefika. Kwa mkono nilikuwa nachukua wastani wa vipimo na kupata jibu moja tu, linakaa au halikai. Lakini ufa ule ule ukiupima mahali kumi unakupa vipimo kumi tofauti, na kabari inaweza kukaa kwa wastani ikaanguka kwa kipimo cha saba. Programu yangu iliokota kipimo kimoja kwa kubahatisha kutoka kila ufa, ikaunda kabari, ikalinganisha uzito wake na msuguano unaoishikilia, ikaandika imekaa au imeanguka, kisha ikaanza upya. Ilirudia hivyo mara elfu moja wakati mimi nakunywa chai. Mwishoni ilinipa jibu ambalo kwa mkono nisingelipata maishani: katika kila mara mia, jiwe hili litaanguka mara ngapi.

Nilimwonyesha meneja. Kwa mara ya kwanza alivuta kiti akakaa. Aliuliza maswali mazuri, sitamnyima hilo, maana mtu yule hakuwa mjinga hata kidogo. Swali la mwisho lilikuwa kazi hii sasa inahitaji watu wangapi.

"Mmoja," nikamwambia.

Nilijibu upesi, kwa kiburi, nikitaka ajue huyo mmoja ni mimi. Akaliandika jibu langu kwenye daftari lake na kuondoka.

Baada ya wiki akarudi na agizo. Programu ilikuwa imekataa kufanya kazi asubuhi ile kwa sababu hakukuwa na vipimo vipya vya mita zilizochimbwa usiku. Nilikuwa nimeitengeneza hivyo kwa makusudi. Meneja alitaka isikatae. Kama vipimo vipya havipo, alisema, itumie vile vya nyuma, kwani mwamba ni ule ule. Nilibishana naye kidogo, si sana. Mchana nikakaa na kuandika mistari michache, nayo ikaacha kukataa.

Mwenzangu alinikuta naandika mistari hiyo. Akaniuliza, kwa Kifipa, kama mashine itapima ukuta ambao hakuna mtu aliyeugusa. Nikamwambia hiyo ni ya dharura tu. Akauliza ni nani atakayeamua kwamba sasa ni dharura. Nilikuwa na haraka; nikamwambia aende akapumzike.

Orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa ubaoni Ijumaa. Jina lake lilikuwa la tatu. Alikuja ofisini kwangu akiwa bado na matope kwenye mabuti, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akaniambia neno kwa Kiswahili.

"Ulijua?"

"Nilijua wanapunguza watu. Sikujua ni wewe."

"Hapa kuna mtu gani mwingine anayeshika dira?"

Akaweka dira mezani, akachukua rafuni madaftari yote ya vipimo, manane, akayafunga kwa kamba. Nilimwambia hayo ni mali ya kampuni. Akanitazama machoni, akasema nimwite mlinzi kama naona vema. Sikumwita. Nilimtazama akipita kwenye geti na furushi lake begani, na kitu nilichokisikia wakati ule, nakiandika kama kilivyokuwa, ni hasira dhidi yake kwa kunitazama vile.

Mtu mmoja hawezi kushika taa, kuweka dira ukutani, kusoma na kuandika kwa pamoja. Nilijaribu. Meneja alinipa dakika kumi baada ya kila mlipuko wa baruti, baadaye tano, baadaye akasema wapigaji wa mashine za kutoboa mwamba wanalalamika ninawazuia. Nilimwandikia barua. Aliirudisha na neno moja pembeni, "Imeonekana." Nikaandika ya pili, na jibu lake likawa kuhamishia meza yangu kwenye stoo ya mafuta ya jenereta. Nilimsalimia asubuhi kwa sababu ilikuwa lazima, naye alijibu kwa kutazama saa. Nami nikawa naandika kila agizo lake, siku na saa, nikingoja siku ya kumwangusha. Muda niliotumia kuandika makosa yake ungetosha kupima nusu ya ukuta ule.

Mvua zikaanza. Handaki likaingia chini ya kijito, na mwamba ukabadilika. Hilo nililiona kwa macho, kwa rangi tu, nikipita. Vipimo sikuwa navyo. Kompyuta haikukataa. Ilichukua nyufa za kiangazi, za mbali kule nyuma, kavu na safi, ikabahatisha mara elfu moja, na printa ikatoa karatasi inayosema kabari ya mahali pale itaanguka mara moja tu katika mia. Chini ya karatasi palikuwa na nafasi ya sahihi ya mhusika. Nikatia sahihi. Niliogopa orodha ya pili ya ubaoni. Na namba ilikuwa nzuri, nikajiruhusu kuiamini.

Jiwe lilishuka saa nne asubuhi. Mpiga mashine aliyekuwa chini yake alikuwa Msukuma wa bondeni Mtowisa; wazazi wake walihamia kule na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na yeye ndiye aliyepanda huku juu kutafuta kazi ya mshahara. Walimtoa akiwa hai. Mguu wa kulia ulikatwa hospitalini Sumbawanga siku ile ile.

Jioni nikaingia kulitazama jiwe. Lilikuwa limelala ubavu, kabari kamili, kama nilivyokuwa naichora kwenye karatasi. Pande mbili zilikuwa za mwamba unaokwaruza. Upande wa tatu ulikuwa umepakwa udongo mwororo, umelowa, unateleza kama sabuni. Kiganja kimoja kingetosha kuujua.

Mkaguzi wa serikali alikuja baada ya siku chache. Meneja alimweleza kwa utulivu kwamba hesabu zote ni zangu na sahihi ni yangu, na akamwekea ile karatasi mezani. Nikaelewa kwamba daftari langu la maagizo yake halitoshi. Nilihitaji kuonyesha vipimo vilikoma lini. Ushahidi huo ulikuwa kwenye yale madaftari manane.

Nikapanda basi hadi Sumbawanga. Mwenzangu alikuwa sokoni kwenye upande wa nafaka, anapima mahindi kwa debe, maana siku hizo za soko huria kila aliyepunguzwa alikimbilia kuuza kitu. Nilimsalimia kwa Kifipa. Akajibu kwa Kiswahili, akaendelea kujaza gunia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, wateja wanasikia.

"Madaftari sikupi," akasema. "Nitayaleta mwenyewe."

Nilirudi nikiwa na moyo mwepesi. Nilidhani anakuja kuniokoa.

Alikuja amevaa shati la kanisani. Akafungua daftari la mwisho mbele ya mkaguzi, akaonyesha kwa kidole kipimo cha mwisho kilichukuliwa wapi, na kuanzia pale hadi jiwe lilipoangukia hakukuwa na hata kimoja. Meneja alianza kusema kitu, mkaguzi akamwomba angoje. Nami nikatoa daftari langu la maagizo, na uso wa meneja ukawa wa kijivu. Nilifurahi. Nilifurahi kabisa, mtu akiwa amelala wodini bila mguu.

Kisha mkaguzi akauliza iliwezekanaje programu kutoa jibu bila vipimo.

"Ilikuwa inakataa," mwenzangu akasema. "Huyu dada akaitengeneza upya isikatae. Nilimkuta anaifanya kazi hiyo, nikamuuliza. Akaniambia nikapumzike."

Hakupandisha sauti na hakuongeza neno. Mkaguzi akanigeukia kuniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli.

Meneja aliondolewa, mimi nikaachishwa kazi wiki hiyo hiyo. Aliyekuja badala yake alimwita mwenzangu arudi, akampa watu wawili wa kumfundisha, na akaniletea ujumbe akiomba disketi ya programu. Nilikwenda kuomba kompyuta kwa padre mmoja mjini, nikafuta ile mistari yangu, nikahakikisha inagoma kabisa bila vipimo vya ukuta husika, nikampa aliyetumwa. Hakuna aliyeniandikia hata mstari wa kukiri imefika.

Mwisho wa kiangazi nikateremka Mtowisa. Nilidandia lori lililokuwa likienda kuchukua mpunga, barabara ikatutupatupa siku nzima, na joto la kule chini likanikuta na sweta la Ufipa mwilini. Nilimkuta yule mpiga mashine amekaa nje ya nyumba ya kaka yake, magongo yameegemezwa ukutani. Alinitambua. Hakuna aliyenikaribisha kiti. Mkewe alikuwa anapepeta mchele hatua chache kutoka pale, hakunyanyua uso.

Njiani nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi. Nilianza kuyasema, nikamweleza vipimo, sahihi, na jinsi meneja alivyonizuia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mashine yako," akasema, "siku ile ilisema nini juu yangu?"

"Ilisema jiwe halitaanguka. Mara moja tu katika mia."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilitia sahihi."

Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepata alichokuwa anakitaka, akaniambia nishike njia kabla ng'ombe hawajarudi, maana wanaogopa wageni.

Sasa ninafundisha hesabu kwenye sekondari moja mjini. Mwenzangu huwa namwona kanisani, safu ya mbele, pamoja na mkewe. Kwa yale aliyoyasema siku ile mbele ya mkaguzi bado namchukia, na nimejaribu mara nyingi kutafuta neno moja la uongo ndani yake ili chuki yangu ipate mahali pa kusimama. Sijalipata. Meneja, nimesikia, anasimamia mgodi mahali pengine. Huyo namchukia bila shida yoyote.