Saa Saba ya Upande Gani

Wewe unayesoma, nipe sikio kidogo, maana nataka kukueleza jambo dogo ambalo watu huliona halina uzito mpaka siku linapowaangukia. Ni jambo la saa. Nitakwenda polepole, na kama hesabu itakuchanganya usijilaumu. Imewachanganya watu waliokaa nayo miaka.

Naishi Burundi, kusini ya Nyanza-Lac, katika vijiji vilivyobanwa kati ya ziwa na milima. Kazi yangu iko Tanzania. Ni mshonaji. Ushonaji nilijifunza kambini huko Tanzania, utotoni, tulipokuwa wakimbizi, na tuliporudi nchini sikupata duka la kunichukua. Mama mmoja mwenye cherehani tatu, upande wa pili wa mpaka, alinichukua. Kwa hiyo kila asubuhi natoka nyumbani, napanda baiskeli ya abiria hadi kwenye bariyeri, kizuizi cha mpakani, naonyesha karatasi yangu, halafu natembea nusu saa kwa njia ya miguu mpaka dukani. Kwenda ni saa moja na nusu. Kurudi ni hivyo hivyo.

Sasa shika hili. Saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Burundi kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa sita mchana, kwao ni saa saba. Jua ni lile lile, kivuli cha mti ni kile kile, ila ukivuka kijito cha mpakani umezeeka saa moja. Jioni unarudishiwa. Askari mmoja wa upande wetu alikuwa na utani wake wa kila siku: "Amahoro dada, karibu, chukua saa yako, tulikutunzia." Na tajiri wangu, yule mama mwenye duka, alikuwa na wake: "Warundi bwana, sisi tumeshakunywa chai nyie bado mnaota!"

Simu haisaidii. Ukiwa mlimani inashika mnara wa huku, ukishuka inashika wa kule, na saa inaruka bila kukuuliza. Ndiyo maana nilizoea kutazama saa ya ukutani pale dukani, na kufanya hesabu mwenyewe kichwani.

Nyumbani tulikuwa watu wazima watatu: Mama, mdogo wangu wa kike mwenye watoto wake wadogo, na mimi. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akinipigia simu kazini, na kila mara alitaja saa ya nyumbani, bila kusema ni ya nyumbani. Akiniambia "mgeni anakuja saa nane," mimi nilijua ni saa tisa ya ukutani. Nilijaribu kumfundisha. Jumapili moja nilimpangia maharagwe mezani, mstari wa kwetu na mstari wa kwao, nikamwonyesha: ukinipigia mimi, ongeza moja. Alicheka, akala haragwe moja bichi.

"Dada, kichwa changu hakishiki hii. Ongeza wewe, uko na masomo."

Basi, nikawa naongeza mimi.

Mama alikuwa na presha ya muda mrefu, na mwaka ule miguu ilianza kuvimba. Kuna jambo moja kuhusu Mama ambalo lazima nikwambie kabla hatujaendelea. Tulipokimbia vita, ufukweni kulikuwa na mashua mbili na watu wengi. Yeye alipanda ya kwanza na mdogo wangu mgongoni, mimi nikasukumwa kwenye ya pili. Nilikuwa na miaka mitano. Ya kwake ilifika siku ile. Yangu ilifika baada ya siku mbili. Tangu hapo Mama hakupanda chombo chochote kabla hajatuona sote wawili kwa macho yake. Hata basi la kwenda kanisani. Angesimama mlangoni, ahesabu moja, mbili, halafu ndipo apande. Tulikuwa tukimcheka.

Ilikuwa siku ya kazi, wakati esansi, yaani petroli, ilikuwa imekosekana. Magari yalilala vituoni, pikipiki zilikuwa zimesimamishwa ukutani kama mbuzi wagonjwa. Dukani tulikuwa na sketi za shule za kumaliza, zenye marinda, na mwenye shule alikuwa akizifuata siku hiyo. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro robo nilipopigiwa simu.

"Dada, Mama iko vibaya," mdogo wangu alisema. "Hawezi kulala chini. Anakaa tu, anavuta pumzi kama mutu aliyepanda mulima."

"Umempeleka kwa daktari?"

"Ndio, tumetoka kule. Ametuandikia karatasi ya hospitali ya Rumonge, twende leo. Nimepata kamioneti, lile gari dogo la mawese, shoferi anatupa kiti mbele, mimi nitabaki na watoto wangu, wewe uende naye. Anaondoka saa saba."

"Saa saba. Sawa, nitakuwepo. Mwambie Mama asiogope."

"Anasema anakungoja wewe. Anasema hivyo hivyo tu."

Nikakata simu. Nikatazama ukutani. Saa saba ya nyumbani ni saa nane ya hapa, nikajiambia, kama nilivyojiambia mara mia. Safari ni saa moja na nusu. Nikiondoka saa sita nitafika mapema, nimfunge Mama kitenge, nipange vitu vyake.

Tajiri wangu aliniona uso. "Kuna nini, mwanangu?"

"Mama anaumwa. Nitaondoka saa sita."

"Nenda sasa! Sketi zitashonwa na nani? Na Mungu. Nenda."

"Muda upo," nikamjibu. "Nimalizie hizi nne."

Nakwambia hili kwa sababu watu hudhani nilizuiwa. Sikuzuiwa na mtu. Nilikaa nikapiga pasi marinda, moja baada ya jingine, kwa sababu nilikuwa na hakika ya hesabu yangu.

Saa sita ya ukutani nikaondoka. Kutoka njia ya miguu mpaka karibu na nyumbani mara nyingi mtandao haushiki, hilo nalijua. Kwenye bariyeri askari wetu akanyoosha mkono, akasema, "Karibu dada, chukua saa yako." Nikacheka, nikamwambia, "Leo naihitaji." Nikapanda baiskeli.

Nilifika nyumbani saa sita na nusu ya kwetu. Mama alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, ameegemea ukuta, kifurushi chake kwenye mapaja. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yake, macho mekundu.

"Kamioneti iko wapi?" nikauliza.

"Imeondoka! Dada, ulikuwa wapi? Nimekupigia, nimekupigia!"

"Si ulisema saa saba? Bado nusu saa."

"Nilikuambia saa ya kwako!" alipiga kelele. "Iliondoka saa sita ya hapa. Niliongeza moja. Niliongeza, kama ulivyonifundisha."

Miezi yote hakuongeza. Siku ile, kwa hofu, alikumbuka maharagwe, akanifanyia hesabu ili nisihangaike. Na mimi nikaongeza juu ya ile aliyoongeza.

Shoferi hakuwa mtu mbaya. Alisubiri, akapiga honi, akashuka, akamwomba Mama apande na jirani. Alikuwa na bidoni, madumu ya mawese ya watu, na esansi ya kumfikisha Rumonge tu. Mama alikataa. Mdogo wangu alinisimulia alivyosema: "Mimi nilishapanda mara moja nikaacha mutoto. Sipandi tena." Akabaki kwenye mkeka.

Tulipata lori la mihogo mikavu saa kumi. Tulimwegemeza Mama kwenye magunia, kichwa kifuani kwangu ili apumue. Barabara inafuata ziwa karibu muda wote, na ziwa lilikuwa jeupe, halina hata wimbi.

"Nimechelewa, Mama," nikamwambia mwishowe.

"Umefika," akasema.

"Nimechelewa."

"Umefika. Nyamaza, niache nipumue."

Rumonge walimpokea mara moja, wakamwekea hewa ya oksijeni, wakafanya kila walichoweza mbele ya macho yangu. Alifariki asubuhi iliyofuata saa mbili. Saa mbili ya kwetu.

Nilimuuliza daktari kama tungefika na ile gari ya kwanza ingekuwaje. Alikuwa kijana, amechoka. Alifikiri kweli kabla ya kujibu. "Sijui, dada," alisema. "Pengine. Pengine hapana." Ningependa angenidanganya, upande wowote.

Tulimzika nyumbani. Mdogo wangu hakuzungumza na mimi wiki mbili, halafu nikagundua si hasira. Alikuwa anaogopa kwamba mimi ndiye nimekasirika. Nilikaa naye jikoni nikamweleza tena, taratibu, kama siku ya maharagwe. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na yangu pia ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni neno moja, na kulisema ilikuwa juu yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyevuka kila siku na mimi ndiye niliyejua. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Lakini ni mimi niliyepiga simu." Nimemweleza mara nyingi tangu siku hiyo. Bado hajakubali, na hasemi tena saa kwa mtu yeyote. Husema "jua likifika pale," akinyoosha kidole.

Nimerudi kazini, kwa kuwa hakuna kazi nyingine. Askari hatanii tena, kuna mtu alimwambia yaliyotokea. Navuka, naongeza moja. Narudi, napunguza moja.

Na wewe, kama una mtu anayefanya kazi ng'ambo ya mpaka, fanya hivi. Ukimpigia simu, taja saa, halafu taja ni ya upande gani. Usikate simu mpaka amekurudishia vyote viwili kwa mdomo wake.