Idi ya Magauni Mawili

Harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi ya mkaa hainipiti hivihivi. Juzi nilikuwa nakatiza mtaa mmoja nyuma ya soko la Kariakoo, fundi akanyunyizia maji gauni, akalipiga pasi, na ule mvuke wa wanga na moshi ulipopanda nikasimama katikati ya watu kama niliyeitwa jina langu. Mkokoteni nusura unigonge. "Dada, pisha!" Nikapisha, lakini akili ilikuwa imeshafika barazani kwetu.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Tulipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, na cherehani yake ya kukanyaga ilikaa barazani, ubavuni mwa ile ya Fundi Mbwana, mwanamume mwembamba asiyeishiwa maneno. Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, baraza lile lilikuwa halipitiki. Vitambaa vya wateja vilipanda mpaka juu ya ndoo za maji. Mama alishona toka alfajiri, pini zimejaa mdomoni, akijibu salamu za watu kwa nyusi.

Mwaka huo na mimi nilikuwa na kitambaa changu. Kilikuwa cha njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji, na Mama alikuwa ameniahidi gauni la marinda juu ya marinda, na mikono iliyoumuka kama maandazi. Kila nikitoka shule nilikwenda kukigusa.

"Utakichakaza kabla hakijawa nguo," Fundi Mbwana alinitania.

Basi mchana mmoja akaja Dada Rehema. Yeye alikuwa mlezi katika kituo cha watoto kule nyuma ya Mchikichini, watoto waliofiwa na wazazi, na wengine ambao wazazi wapo lakini maisha yamewashinda. Kituo kiliishi kwa michango ya watu. Alikaa ukingoni mwa baraza bila kukaribishwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Fundi, nimekwama. Yule mama anayewavisha watoto kila Idi amepatwa na msiba. Sina cha kukulipa. Ila wameshaanza kuniuliza."

Mama akautazama ule mlima wa vitambaa, akatoa pini mdomoni moja moja. "Walete kesho niwapime."

"Wewe mwanamke wewe!" Fundi Mbwana aliruka. "Na hizi oda za watu?"

"Tutashona."

"Wewe na nani?"

"Mimi na wewe."

Fundi Mbwana akanuna kidogo, kisha akavaa kandambili zake akaenda kuzunguka maduka ya vitambaa. Alirudi na vipande vya mwisho wa majora, vya kila rangi, na nyuma yake mwenye duka mmoja amebeba jora zima la bluu iliyoiva. Lingetosha watoto wote. Kila mtu alifurahi isipokuwa Mama.

"Mungu akulipe, baba," alimwambia kwa adabu. "Hili tutawashonea sare za shule za muhula ujao. Idi kila mtu na rangi yake."

Kesho yake watoto wakaja, wakajaza baraza mpaka barabarani. Mama alipima, akauliza, akaweka alama kwa chaki. Huyu alitaka nyekundu, huyu ya maua, mmoja alitaka suruali yenye mifuko mingi kama ya askari, akakubaliwa. Wa mwisho alikuwa msichana wa rika langu, jina lake Tunu, amesimama mikono nyuma.

"Na wewe, mama, unataka ipi?"

"Yoyote."

"Yoyote si rangi, mwanangu."

Tunu akatazama miguu yake. Dada Rehema akaona haya. "Fundi, mkatie chochote tu. Huyu hana neno."

"Ndiyo maana namsubiri," Mama alijibu. Akamgeukia Tunu. "Kaa hapo utazame. Ukiiona nguo yako utaniambia."

Wenzake wakaondoka na Dada Rehema. Tunu akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mimi pembeni yake, tukisikiliza cherehani mbili zikibishana. Alasiri ikaadhiniwa. Ndipo akainuka, akapita vile vipande vyote, akaenda mpaka rafuni, akaweka kidole juu ya njano yangu. Papo hapo akakiondoa, kama aliyegusa pasi.

"Hicho changu!" nilipiga kelele.

Fundi Mbwana akaacha kukanyaga. Uso wa Tunu ukafungwa kama duka saa ya swala. "Basi," alisema. "Yoyote."

Mama hakunikaripia. Hakuniambia nitoe, wala hakunikumbusha kwamba mwenzangu hana mama. Alikitandaza kitambaa mezani, akanipima mimi, akampima Tunu.

"Kinatosha magauni mawili. Lakini bila marinda, na mikono ya kawaida." Akanitazama usoni. "Kitambaa ni chako. Nikate?"

Nikaushika ukingo wa kitambaa. "Hata rinda dogo la chini?"

"Hata hilo."

Machozi yakaanza kunitoka. Tunu akanisogelea, akanong'ona, "Ukikataa sitanuna." Alisema kama mtu anayenitakia heri tu, hana hila. Sijui ni kitu gani kilichoniingia.

"Kata," nikasema.

Siku ya Idi walikuja wote, kila mmoja na rangi yake, wakala pilau barazani mpaka upawa ukaanza kukwaruza sufuria. Mimi na Tunu tukaenda Mnazi Mmoja kupanda pembea. Muuza ubuyu akatutazama, mimi mfupi wa maji ya kunde, yeye mrefu mweusi, akacheka. "Nyie mapacha?"

Tunu akainua kidevu. "Hapana. Tumechagua rangi moja."

Tunu leo ni muuguzi, ana watoto wake wawili, na kila Ijumaa humpigia Mama simu kabla sijampigia mimi.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua kwamba baada ya Idi ile wateja kadhaa waliocheleweshewa nguo walihamia kwa mafundi wengine, na kwamba miezi tuliyokunywa chai ya rangi haikuwa kwa sababu Mama aliacha kupenda maziwa, kama alivyotuambia. Nilielewa pia kwa nini aliniuliza. Angenipokonya kitambaa, ningemchukia Tunu. Angenisifu kwa kutoa, ningemwona Tunu mtu niliyemsaidia, na huenda tusingekuwa ndugu.

Siku hizi nami nimo katika kikundi kinachochangia kituo kilekile. Kila sikukuu ikikaribia, hakosi mtu wa kusema tununue nguo za jumla, za namna moja, tumalize mapema. Huwa naomba twende kwanza tukawaulize watoto. Wenzangu hulalamika kwamba hilo linakula muda, na ni kweli. Wapo watoto wanaochagua kwa dakika moja. Wapo wengine, mwenzangu, hao lazima uwape mchana mzima.