Diski Nyekundu Mbele ya Baba

Baba yangu hajawahi kucheza mchezo wowote maishani mwake, lakini aliuringia mkono wangu wa kulia kama mtu anavyomringia ng'ombe aliyemkuza mwenyewe. Tulipokuwa bado Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, niliwahi kurusha mkuki kwenye mashindano ya shule, ukawapita waamuzi pale walipokuwa wamesimama. Kuanzia hapo kila mgeni aliyefika kwetu alikaribishwa kwa habari za mkuki. Tuliporudi Burundi, yeye akapata shamba Butihinda, mimi nikawa mwalimu wa michezo Gitega, na habari ile ikavuka mpaka pamoja nasi.

Labda ndiyo sababu mchezo wa diski uliniingia haraka hivyo. Kuueleza si kazi. Unarusha diski ya plastiki kuelekea kikapu cha minyororo kilichosimamishwa mbali, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena mpaka iingie. Anayemaliza kwa mitupo michache ndiye mshindi. Kazi iko kwenye kuchagua diski. Kila moja ina uzito wake, umeandikwa kwa gramu, na ina namba ya kasi. Zenye namba ndogo zina ukingo butu, hata mkono wa polepole unaziweza. Zenye namba kubwa zina ukingo mkali unaokata hewa kama panga, ila zinadai mkono wenye kasi. Ukizirusha kwa unyonge, zinapinda kushoto na kuanguka karibu, kila mtu anaona.

Jumamosi tulikuwa tukicheza kwenye kiwanja cha kanisa, na sanduku la diski lilikuwa la wote. Mle ndani mlikuwa na nyekundu moja, ya kasi kumi na mbili, gramu mia moja sabini na tano. Hakuna aliyesema ni yangu. Ila nikichelewa, wenzangu walichukua nyingine, hiyo wakaiacha.

Kisha pikipiki iliyonibeba kutoka sokoni iliteleza kwenye mteremko wenye matope, nikaangukia bega. Dereva hakuumia. Mimi nilifungwa mkono kifuani, na nilipofunguliwa daktari aliniambia nguvu zitarudi, lakini zitarudi kwa miguu, si kwa gari. Baba sikumwambia. Nilijua angepanda gari la kwanza kuja Gitega, na sikutaka anikute siwezi hata kujifunga kitenge.

Siku niliyorudi kiwanjani nilichukua nyekundu. Ilitoka mkononi, ikayumba kidogo, ikajitupa kushoto na kuanguka karibu na viatu vyetu tulivyovipanga nyasini. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Walianza ghafla kuzungumzia mvua.

Mwenzangu wa kucheza naye wawili wawili ni mama mmoja wa Uvira, kule Kongo, anayeuza vitenge katika soko la Gitega. Mkono wake hauna nguvu nyingi, lakini karibu na kikapu hakosei. Alinifuata nikiwa nafunga begi.

"Dada, kamata ile ya kasi tano," aliniambia. "Ile ya bluu. Mkono yako ingali mugonjwa."

"Mkono umepona."

"Umepona?" Alinitazama begani, kisha usoni. "Bon. Kama umepona."

Ile ya bluu ndiyo tuliyokuwa tukiwapa watu wanaojifunza. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa mke wa mchungaji na kumwambia, kwa upole wa mtu mwenye nguvu, "Anza na hii, mama, hii haina masharti." Sasa ningeanzaje kuishika mbele ya mama huyo huyo?

Vijana wa parokia moja ya Butihinda walikuwa wamejitengenezea vikapu kwa rimu na minyororo ya baiskeli kuukuu, wakatualika tukacheze nao. Nilipompigia baba simu kumwambia nakuja, nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye, kabla hata hajanijibu, "Anakuja! Mwenye mkuki!"

Tulimkuta kilimani amevaa koti lake la kwenda kanisani, na nyuma yake majirani, wengine na majembe yao begani. Wengi walikuwa wamekulia Tanzania kama mimi, na wawili watatu walinikumbuka nilipokuwa mtoto. Baba alinishika mkono, ule mbovu, akaunyanyua kidogo. Nilijizuia nisikunje uso.

"Huyu ndiye binti yangu," aliwaambia. "Msitazame hapa anaposimama. Tazameni kule juu, kwenye ile mikaratusi. Mkitazama hapa hamtaiona."

Tulicheza kwa zamu, mimi narusha, mwenzangu anaendelea pale diski ilipoangukia. Mtupo wa kwanza ulikuwa wangu. Upepo ulikuwa unatujia usoni, nikajipa sababu: diski nyepesi itapeperushwa, nzito ndiyo ya upepo huu. Maneno hayo ni ya kweli, kila mchezaji anayajua. Ila uzito na kasi si kitu kimoja. Mwenzangu alininyooshea ya bluu, ambayo haikuwa nyepesi vile, nami nikajifanya sikumwona. Mkono wangu ulikuwa tayari umeingia begini kutafuta nyekundu.

Nilikimbia hatua zangu, nikazungusha kiuno, nikaachia. Bega liliwaka. Diski ikapinda kushoto mara moja na kuzama kwenye maharage ya mtu, karibu kiasi kwamba nilisikia majani yakivunjika.

Nilipoinua macho, niliona watu wote bado wanatazama mikaratusi. Walikuwa wametii. Mzee mmoja amekinga jua kwa kiganja, mwingine amesimama kwa ncha za vidole, na baba yangu ananyoosha kidole juu, anasogeza kichwa huku na huku, anaitafuta angani diski iliyokuwa maharageni. Walitazama muda mrefu. Nilitamani upepo ungeongezeka unifunge mdomo kabisa, nipate kisingizio cha kutowaambia iliko.

Ni mwanamke mwenye shamba aliyesema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mbona iko hapa?"

Baba alishusha mkono. Alinigeukia mimi, si diski. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alivua kofia yake, akaivaa tena.

Mwenzangu aliirusha kutoka kwenye maharage mpaka njiani. Zamu yangu ikarudi, nami, bado najiuliza kwa nini, nikaishika tena nyekundu. Alinijia na kunikamata kiganja mbele za watu.

"Leta hapa ile kitu."

"Niache, mama. Wanatuangalia."

"Batakuangalia tu. Uko unatupotezea mchezo juu ya kuona haya." Akaitoa mkononi mwangu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akaniwekea ya bluu. "Tupa chini-chini. Usiipige. Uiachilie tu."

Masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilirusha bila kukimbia, kwa nusu ya mkono. Diski ya bluu ilikwenda chini ya upepo, imenyooka, ikalala nyasini mahali ambapo zamani ningepaita katikati ya safari. Hakuna aliyeshangilia. Hakukuwa na cha kushangilia. Mwenzangu alikwisha tangulia kuifuata.

Tuliendelea hivyo kikapu baada ya kikapu, na vijana wa Butihinda wakatushinda. Majirani walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja kurudi kwenye kazi zao. Baba alibaki. Alitufuata mpaka mwisho, nyuma kidogo.

Tulipokuwa tukishuka kwenda nyumbani, mwenzangu akiwa mbele na vijana, baba aliniuliza, "Bega lako limepatwa na nini?"

"Nilianguka kwenye pikipiki."

"Lini?"

Nilipomwambia alisimama njiani. "Kabla ya kupanda maharage," alisema. "Tangu kabla ya kupanda maharage, na huyu mama wa Uvira anajua, na kanisa lako lote linajua."

"Sikutaka uhangaike, baba."

"Nami nimewaita watu." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningejua pa kushika. "Ungeniambia, ningewaambia binti yangu anakuja kunisalimu. Wangekuja hivyo hivyo."

Nilimwomba radhi. Alisema "haya," akaanza kutembea, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye alikuwa anatafuta njia isiyopita mbele ya nyumba za majirani. Nilikuwa nimedhani aibu ile yote ni yangu.

Kesho yake asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alibeba begi langu yeye, wala sikubishana naye.

Gitega bado tunacheza Jumamosi. Ya bluu naishika mbele ya mke wa mchungaji, ambaye siku hizi ameipita na kuhamia ya kasi saba. Mkono unarudi, kwa miguu kama daktari alivyosema. Nyekundu kuna mwalimu kijana anayeirusha vizuri. Inapopaa wote wanainua vichwa, nami nainua, halafu nageuka kutafuta kitu kwenye sanduku mpaka makofi yaishe.